Chumvi Kiasi: Resipe ya Kiswahili Mikononi mwa Mpishi Asiyetoka Pwani

Wahakiki wetu wamezoea kupima riwaya, tamthilia na ushairi. Resipe wameiachia jikoni. Lakini kwa sisi tunaojifunza Kiswahili nchini Rwanda, resipe ina upekee mmoja: msomaji anaweza kuijaribu kwa mikono yake, na jioni hiyohiyo watu wa nyumbani wakatoa hukumu. Mwanafunzi anaweza kusoma tamthilia nzima akaielewa vibaya, asijue mpaka siku ya mtihani. Akiielewa vibaya resipe, sufuria itamwambia.

Makala haya yanahakiki resipe za Kiswahili kama zinavyotufikia sisi tulio mbali na mwambao: katika vitabu, katika magazeti, na katika ujumbe ambao rafiki humtumia rafiki. Hoja yangu ni kwamba resipe nyingi zimeandikwa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuona chakula hicho kikipikwa. Zinamkumbusha anayejua, na zinamwacha asiyejua njiani. Wengi hulalamika kwamba zinakosa vipimo. Mimi naona zinakosa dalili.

Resipe kama matini

Katika vitabu vya Kiswahili vya shule za sekondari nchini Kenya, resipe huwekwa miongoni mwa tungo za kiuamilifu. Mwanafunzi hufundishwa aandike kichwa, orodha ya viambato, kisha hatua za upishi kwa mpangilio. Muundo huo ni mzuri, na resipe nyingi zinaufuata.

Kwa upande wa lugha, kuna mitindo miwili. Resipe ya kuandikwa hutumia vitenzi vya kuamuru: osha, loweka, saga, kaanga. Mpishi anayepika huku akieleza kwa mdomo hupenda nafsi ya kwanza wingi: tunachukua vitunguu vyetu, tunaweka chumvi yetu. Mtindo huu wa pili una ukarimu, kana kwamba kitunguu ni chetu sote. Una faida nyingine kubwa zaidi. Anayeeleza kwa mdomo anakitazama chakula wakati anazungumza, hivyo hujikuta akisema, "mnaona mafuta yameanza kujitenga." Anayeandika hana sufuria mbele yake, na sentensi hiyo ndiyo ya kwanza kupotea.

Kesi ya neno "kiasi"

Chumvi kiasi. Maji kiasi. Moto kiasi. Neno hili limefanyiwa mzaha mwingi, lakini lina utetezi wake. Unga mmoja hunywa maji kuliko mwingine. Nazi moja hutoa tui zito, nyingine hutoa tui jepesi. Mwandishi wa resipe ya chapati anayeandika "maji kiasi" anasema kweli, kwa sababu haujui unga wako. Hata zamani, vipimo vya mwambao kama kibaba na pishi (vibaba 4 ni pishi 1) vilipima nafaka. Chumvi ya mchuzi ilipimwa na mkono. Mkono nao ulijifunza kwa kukaa jikoni na mama, shangazi au bibi. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata, kwa kuwa kata imeingia mtungini mara nyingi.

Shida ni kwamba resipe ikishaandikwa, inasomwa na watu ambao hawajawahi kuingia mtungini. Kwa binti aliyekulia Mombasa, "kiasi" ni kumbukumbu. Kwa kijana wa Kigali ni swali lisilo na jibu.

Je, dawa ni kuandika vikombe na vijiko? Inasaidia, ila tuulize: kikombe cha nani? Kikombe cha kupimia kinachouzwa madukani hubeba kati ya mililita 240 na 250. Kikombe cha chai cha nyumbani huwa kidogo kuliko hicho, na kikombe kikubwa cha bati huwa kikubwa zaidi. Mpishi akitumia kikombe kilekile kwa unga na kwa maji, uwiano unabaki sawa. Lakini hamira na chumvi hupimwa kwa kijiko, na kijiko hakikui pale kikombe kinapokua. Hivyo mtu anaweza kufuata kila neno, akapata mandazi yaliyokosa chumvi na yasiyoumuka vizuri. Namba imempa uhakika ambao haikuwa nao.

Vitumbua vya Kigali

Mfano wa vitumbua utaonyesha zaidi. Maelezo ya kawaida ni haya: loweka mchele usiku kucha, usage pamoja na tui la nazi, iliki na hamira, acha mchanganyiko uumuke kwa saa moja, kisha choma kwenye chuma cha vitumbua kwa moto wa wastani. Wanafunzi watatu tuliijaribu resipe ya namna hiyo kila mmoja nyumbani kwake, tukalinganisha matokeo.

Jambo la kwanza lilikuwa mchele. Resipe ilisema "mchele" tu. Kigali kuna mchele kutoka Tanzania, kuna wa Pakistani, na kuna unaolimwa katika mabonde ya Rwanda, ambao aghalabu una punje fupi na nene. Mchanganyiko wa mchele wa punje fupi ulinata zaidi kwenye chuma.

Jambo la pili lilikuwa saa moja. Hamira hufanya kazi haraka penye joto. Saa moja ya Mombasa mchana si sawa na saa moja ya Kigali jioni ya mvua. Mchanganyiko wetu ulihitaji karibu saa mbili ndipo ukajaa mapovu. Mwandishi angeandika "mpaka uinuke na uso wake ujae mapovu," tusingehitaji saa kabisa.

Jambo la tatu lilikuwa "moto wa wastani." Jiko la gesi lina kitufe, lakini jiko la makaa halina. Mwenzetu aliyetumia makaa alilazimika kubuni kipimo chake: alidondosha tone la mchanganyiko kwenye mafuta. Likikaa chini, moto ulikuwa mdogo. Likiwa jeusi mara moja, moto ulikuwa mkali. Likivimba taratibu na kupata rangi kingoni, aliendelea. Sentensi hiyo moja, ambayo haikuwamo katika resipe, ndiyo iliyokuwa na thamani kuliko nyingine zote.

Hata maji ya kuchemka yanabadilika kulingana na mahali. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka kwenye nyuzi joto 95 hivi, wakati pwani huchemka kwenye nyuzi 100. Nyuzi 5 zinaonekana chache, lakini maharage yanazihisi. Resipe ya pwani ikitoa muda wa kuchemsha maharage ya nazi, mpishi wa Kigali akiufuata kwa uaminifu atakula maharage magumu. Ikiandika "mpaka yapondeke kwa vidole," itakuwa sahihi pwani na milimani.

Majina yanayopotea njiani

Kuna pia tatizo la msamiati. Majani yaleyale huitwa dania Kenya, giligilani sehemu kubwa ya Tanzania bara, na kotmiri Zanzibar. Mwanafunzi anayesoma resipe tatu anaweza kudhani ni viungo vitatu. Baadhi ya vitenzi vinahitaji macho. Kupalia, yaani kuweka makaa ya moto juu ya kifuniko ili chakula kiive kutoka juu na chini, ni ufundi mzima uliofungwa katika neno moja. Mwandishi wa pwani analiandika na kupita. Sipendekezi maneno haya yaondolewe, maana ndiyo utajiri wenyewe. Napendekeza yafafanuliwe kwa sentensi moja.

Jambo hili lina uzito kwetu kuliko linavyoonekana. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, lakini vijana wengi hukutana nacho darasani tu, wakikiacha mlangoni kipindi kikiisha. Jikoni kilifika zamani. Kinyarwanda husema isafuriya, isahani, umuceri, isukari, icyayi, na mama zetu hutumia maneno hayo bila kufikiri yalikotoka. Resipe ingeweza kuwa njia nyepesi ya kukirudisha Kiswahili nyumbani. Lakini mwanafunzi akiharibikiwa na kilo ya mchele na nazi aliyoinunua ghali, huamua kwamba hajui Kiswahili au hajui kupika. Safari nyingine anatafuta resipe ya Kiingereza au ya Kifaransa. Resipe yenyewe hailaumiwi na mtu.

Kushirikishana matokeo

Lawama si za mwandishi peke yake. Sisi tunaojaribu pia tunachangia kwa namna tunavyoleta matokeo. Mtu akipika pilau ikatoka vizuri, hutuma picha na maneno matatu: "Nimejaribu, tamu sana." Wenzake humjibu hongera. Ikimharibikia hakuna picha. Kwa hiyo, resipe dhaifu huzunguka miaka na sifa nzuri, kwa kuwa ushahidi unaoipinga umeliwa kimyakimya au umemwagwa.

Pwani kuna ada nzuri ya kupelekeana chakula, hasa mwezi wa Ramadhani, na jirani akiletewa sahani haipendezi airudishe tupu. Maoni juu ya resipe nayo yasirudi matupu. Aliyejaribu aseme alitumia mchele au unga gani, jiko gani, muda gani, na alibadilisha nini. Akisema "kwangu iliumuka kwa saa mbili," amemsaidia mpishi anayefuata kuliko sifa kumi. Aliyeonja naye aseme ukweli. "Iliki imezidi" ni neno la heshima likisemwa na mtu aliyemaliza sahani yake.

Wapo watakaosema kwamba resipe iliyojaa maelezo itakuwa ndefu na itachosha. Tulinganishe sentensi mbili. Ya kwanza: "Kaanga vitunguu kwa dakika 5, weka viungo kiasi." Ya pili: "Kaanga vitunguu mpaka viwe na rangi ya kahawia, vikianza kuungua kingoni, nyunyiza maji kidogo, kisha weka viungo mpaka harufu ipande." Maneno yameongezeka. Lakini ya pili ina "mpaka" mbili na "-ki-" moja. "Mpaka" inampa mpishi dalili ya kutazama. "-ki-" inamwambia afanye nini mambo yakienda vibaya. Tunafundishwa vipashio hivi darasani kama sarufi, tunavifanyia mazoezi na kusahau. Jikoni ndipo kazi yake inapoonekana.

Kwa hiyo, mhakiki wa resipe anaweza kuanza na swali jepesi: kuna "mpaka" ngapi hapa, na kuna "kiasi" ngapi? Resipe yenye "kiasi" nyingi inaweza kuwa ya mpishi hodari sana, na chakula chake kikawa kitamu kwake na kwa wanawe. Lakini ikiwa anataka kijana wa Kigali, wa Bujumbura au wa Kampala akipike na akipate, itambidi arudi jikoni na kalamu, atazame sufuria yake upya, na aandike anachokiona.