Mchoro wa mvua ya milima hauna saa

Unaukumbuka ule mchoro wa jiografia? Bahari kushoto, mlima katikati, mishale inapanda, wingu limekaa kileleni, na upande wa pili pameandikwa "kivuli cha mvua". Uliukariri, ukauchora kwenye mtihani, ukapata alama zako.

Mchoro ule si uongo. Hewa yenye unyevu ikipandishwa na mlima hupoa, mvuke hugeuka matone, mvua hunyesha. Kasoro yake ni kwamba hauna saa: mlima unafanya kazi ileile mchana na usiku wa manane.

Hebu tuupeleke Ziwa Victoria. Mchana jua linapasha moto miteremko ya Nandi na Kericho, hewa ya pale inakuwa nyepesi na kupanda. Upepo wa ziwani unavutwa huko juu, unakutana na upepo wa mashariki. Pepo hizo zikigongana, hewa haina pa kwenda ila juu. Ndiyo maana alasiri Kericho hupigwa na radi, na mvua ya mawe huchanachana majani ya chai. Hadi hapa mchoro wetu unajikongoja.

Usiku unashindwa kabisa. Miteremko hupoa haraka, na hewa baridi, nzito, huteremka kuelekea ziwani ambako maji bado yana joto. Inakutana huko ikitoka pande mbalimbali, inaisukuma juu hewa vuguvugu yenye unyevu, na radi zinapiga juu ya maji, mahali pasipo na mlima. Kumbe milima inaweza kusaidia kuleta mvua mbali na vilele vyake!

Tena alasiri na usiku vina uhusiano. Mwaka 2016, Wim Thiery na wenzake walionyesha katika jarida la Nature Communications kwamba mvua ya nchi kavu ya siku iliyotangulia huchochea mvua kali ya usiku ziwani: asilimia 74 ya mchango huo hutokana na pepo kukutana kwa nguvu zaidi, na asilimia 26 ni unyevu kuongezeka. Mchoro wa mshale mmoja hauwezi kukwambia hivyo.

Je, ni ubishi wa wasomi tu? La. Wavuvi wa dagaa huwasha taa zao ziwani usiku, saa zilezile radi zinapokuja, na wengi hufa maji. Mwanafunzi wa Mwanza au Kisumu anayejua kwamba milima huleta mvua "mlimani" hana sababu ya kutazama mawingu ya alasiri kule nchi kavu na kumuuliza baba yake kama leo ni siku ya kuingia majini.

Kwa hiyo mwalimu, usiufute mchoro. Chora miwili ubaoni: mmoja wa saa tisa alasiri, mwingine wa saa tisa usiku. Halafu waulize wanafunzi mishale imegeukaje, na kwa nini.