Aibu, Haya na Huruma: Mzazi katika Riwaya ya Alan Paton

Riwaya ya Alan Paton, Cry, the Beloved Country, iliyotolewa mwaka 1948, aghalabu huhakikiwa kama riwaya ya ubaguzi wa rangi katika Afrika Kusini. Uhakiki wa namna hiyo una haki yake, lakini huliacha kando jambo linaloibeba hadithi yenyewe: masaibu ya mzazi ambaye pia ni kasisi. Stephen Kumalo ametumia umri wake akiwafundisha watu wa Ndotsheni namna ya kuishi, kisha mwanawe wa pekee anashtakiwa kwa kuua. Makala hii inakusudia kuchunguza jinsi imani ya Kumalo inavyoigeuza aibu yake kuwa huruma, na kuonyesha kwamba mgeuko huo si mwepesi kama ambavyo wasomaji wengi wameuchukulia.

Kiswahili humfaa mhakiki katika kazi hii, kwa kuwa kina maneno mawili pale ambapo Kiingereza cha Paton hutosheka na moja. Aibu humfikia mtu kutoka nje. Hukaa machoni na midomoni mwa watu. Haya hukaa moyoni, na mtu huweza kuiona hata akiwa peke yake gizani. Mtu aliyeaibika hutafuta mahali pa kujificha. Mwenye haya hujichunguza. Safari ya Kumalo, kutoka Ndotsheni hadi Johannesburg na kurudi, ni safari ya kutoka katika hali ya kwanza kuingia katika hali ya pili.

Mwanzoni kasisi huyu anaongozwa na aibu tupu. Akiwa garini moshi anawafanya abiria waamini kwamba ni mwenyeji wa safari za Johannesburg, ilhali hajawahi kufika huko. Anapomkuta dadake Gertrude katika maisha ya ufuska, neno zito analomtupia ni kwamba amewaaibisha. Hamwulizi kwanza amepatwa na nini. Hapa imani haijawa dawa ya aibu. Imekuwa kiti cha hukumu, na aliyekikalia ni kaka mtu.

Baada ya Absalom kukamatwa, kiti hicho kinavunjika. Usiku ule Padre Vincent hamfariji Kumalo kwa kumweleza siri za Mungu. Anamwagiza asitafute kuzielewa njia zake, bali awaombee wengine: Gertrude na mtoto wake, msichana aliyebeba mimba ya Absalom, mkewe aliyebaki nyumbani. Agizo hili ndilo kiini cha fikra ya Kikristo katika riwaya. Anayewaombea wengine kwa majina hana budi kuyaondoa macho yake katika jeraha lake mwenyewe, japo kwa muda.

Hata hivyo, Paton hakuiandika sala hiyo kama uganga. Ni katika sura inayofuata mara moja ambapo Kumalo anamtendea ukatili msichana yule. Anamhoji kwa maswali ya kumdhalilisha, mpaka kumwuliza kama angekubali kuwa naye yeye mwenyewe. Msichana, kwa kuchanganyikiwa, anajibu kwamba yamkini angekubali. Papo hapo mzee anaona haya na kuomba msamaha. Baadaye sana, hata baada ya kukutana uso kwa uso na James Jarvis, baba wa aliyeuawa, anamtia nduguye John hofu kwa makusudi ili amwumize, na tena anajuta. Mpangilio huu wa matukio una maana. Aibu isiyopata pa kutokea hugeuka kisu, na kwa kawaida humkata aliye dhaifu. Huruma ya Kumalo inazaliwa kila mara anapokiona kisu hicho mkononi mwake mwenyewe. Hawi mpole kwa sababu ni kasisi. Anakuwa mpole kwa kuwa amejua kwamba naye ni mkatili.

Kilele cha mgeuko huu kinapatikana kanisani Ndotsheni. Badala ya kuificha habari, Kumalo anawaombea dadake na mwanawe mbele ya waumini wote. Aibu iliyotamkwa na mwenyewe hadharani haina tena nguvu ya kumtawala. Askofu, kwa nia njema, anamshauri ahame mahali hapo, na ushauri huo ni sauti ya aibu ile ile ikirudi kwa vazi la heshima. Barua ya Jarvis kuhusu ujenzi wa kanisa jipya ndiyo inayoubadilisha uamuzi.

Fasihi ya Kiswahili inalijua vyema suala la malezi. Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa katika karne ya 19, ni wasia wa mama kwa bintiye, na methali husema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wasia humchukulia mtoto kuwa msikivu. Methali humtwika mzazi lawama. Riwaya ya Paton inaanzia pale wasia uliposhindwa. Mwandishi aliyajua hayo kwa kazi: kuanzia mwaka 1935 alikuwa mkuu wa Diepkloof, shule ya kurekebisha tabia za vijana wa Kiafrika karibu na Johannesburg.

Kasoro za riwaya hazifichiki. Ezekiel Mphahlele alilalamika kwamba ujumbe wa mwandishi unamlemea msomaji, na lalamiko hilo lina uzito hasa katika sehemu ya tatu, ambapo maziwa, bwawa na kanisa vyote vinatoka mkononi mwa mwenye shamba Mzungu. Lakini kuna kasoro iliyo karibu zaidi na mada hii. Msichana anayeolewa na Absalom gerezani hapewi jina tangu mwanzo hadi mwisho. Gertrude naye anatoweka usiku kabla ya safari ya kurudi nyumbani, akimwacha mtoto wake. Aibu ya baba inapewa mlima, sala na alfajiri; aibu ya dada haipewi hata sentensi moja ya kujieleza. Yeye ndiye wa kwanza kuhukumiwa, na huruma iliyokomaa baadaye moyoni mwa kakake ilichelewa kumfikia.

Kwa hiyo nguvu ya riwaya hii haimo katika madai kwamba imani hufuta aibu. Absalom ananyongwa, na baba anakesha mlimani akiingoja saa hiyo. Nguvu yake imo katika kuonyesha kazi ndefu, yenye kurudi nyuma mara kwa mara, ya mzazi anayejifunza kuacha kuuliza watu watasema nini, na kuanza kuuliza ni nani mwingine anayeumia. Swali hilo la pili Kumalo alijifunza kuliuliza. Kwa Gertrude hakuliuliza kwa wakati.