Saa 36 za Yai

Singida inajulikana kwa kuku wa kienyeji, na mama wa Mitundu anayetaka kuatamisha hulishika yai kwenye mwanga na kulikagua kabla ya kumwekea kuku. Mwanamke wa hapo hapo akisafiri kupitia Itigi, Manyoni na Dodoma hadi Dar es Salaam kutafuta upandikizaji mimba, yai lake nalo litakaguliwa hivyo, ingawa upana wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita.

Kazi huanzia kwenye sindano. Kwa siku 10 hadi 12 hivi mwanamke hudungwa homoni ya FSH, ili vifuko kadhaa vya mayai vikue pamoja badala ya kimoja. Kila baada ya siku chache daktari huvipima kwa ultrasaundi, kimoja kimoja, huku akiangalia kiwango cha estrojeni kwenye damu. Kikipanda taratibu, dozi haiguswi. Kikiruka, hupunguza, maana ovari zikichochewa kupita kiasi huvimba na maji hujaa tumboni. Lakini vipimo hivi, hata kile cha homoni ya AMH, husema zaidi habari za wingi. Ubora hufuata zaidi umri, na daktari mkweli hauahidi.

Vifuko vikifika milimita 18 hivi, mwanamke hupigwa sindano ya kukomaza mayai, kwa saa iliyopangwa. Baada ya saa 34 hadi 36 maji ya vifuko hufyonzwa, na neli hukimbizwa maabara zikiwa na joto la nyuzi 37.

Kwangu, uhodari wote uko hapa. Mtaalamu anamimina maji kwenye kisahani na kulitafuta yai kwa hadubini. Limezungukwa na seli nyingi. Kama mbegu ya kiume itadungwa ndani, anazilegeza kwa kimeng'enya, kisha analivuta na kulitoa kwa pipeti, akibadilisha kila mara na kutumia nyembamba zaidi, hadi libaki peke yake. Analigeuza, akitafuta kipunje kimoja pembeni. Kikiwapo, yai limekomaa. Wakati wa kuidunga mbegu, hukiweka kipunje juu au chini ili sindano ya kioo ipite ubavuni, mbali na kromosomu. Utando hubonyea, hauachii. Ananyonya kidogo sana. Ukipasuka tu, anaiacha mbegu na kutoka.

Afrika Mashariki kazi hii si ngeni: Kampala mtoto wa kwanza wa upandikizaji alizaliwa 2004, Nairobi 2006. Louise Brown, wa kwanza duniani, alizaliwa Uingereza 1978 kwa yai moja lisilochochewa: watafiti Robert Edwards na Jean Purdy walifuatilia homoni kwenye mkojo wa mama, usiku na mchana, kujua saa ya kulichukua.

Saa 16 hadi 18 baada ya kutungishwa, mtaalamu hurudi kutafuta viduara viwili ndani ya yai, cha mama na cha baba. Vikiwa vitatu, yai linatengwa. Mwanamke hupigiwa simu na kuambiwa mangapi yametungishwa, na hayo hurudishwa kwenye inkubeta hadi siku ya 3 au ya 5.