Hongera Wakufunzi wa Rungwe

Vyuo vyote nchini Tanzania vilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona. Vilipofunguliwa Juni 1, baridi ya Tukuyu, wilayani Rungwe, ilikuwa imeshapamba moto. Kunawa mikono alfajiri kwa maji ya huko ili kujikinga na korona, jamani, si mchezo! Lakini kifaa cha kunawia, kibuyu chirizi, hakina gharama: dumu, kamba na kijiti cha kukanyagia; unakanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika, mkono haugusi kitu.

Wakufunzi wa vyuo vya ualimu vya Mpuguso na Tukuyu, pokeeni pongezi. Kufidia miezi miwili na zaidi ya masomo kulihitaji moyo. Mimi nawasifu zaidi kwa kuwa mnalea walimu: anayejifunza kufunga kibuyu chirizi chuoni atakifunga pia katika shule atakayopangiwa.