Chema Chajiuza: Tahakiki ya Sifa za Motokaa

Wahenga walisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hii tumeirithi, tumeiandika katika mbao za madarasa yetu, na wanafunzi wetu wameitolea maana katika mitihani bila kuitilia shaka. Walakini kipo chombo kimoja kilichoitia methali hiyo katika mtihani mgumu, nacho ni motokaa. Jina lake katika lugha nyingi za Ulaya lina maana ya chombo kiendacho chenyewe. Yaani, kwa maumbile yake, hujitembeza. Tena tangu kilipozuka kimetembezwa kwa maneno, kwa picha, kwa mashindano na kwa safari za ajabu ili kipate wanunuzi. Je, kwa kuwa kilijitembeza, tukiite kibaya? Na kama ni chema, mbona hakikujiuza?

Katika makala haya tunakusudia kuzihakiki sifa za motokaa za mwanzo kama tunavyohakiki utungo mwingine wowote. Hatuoni ajabu kufanya hivyo katika kitabu cha utamaduni. Tangazo la biashara nalo ni utungo: lina msemaji na hadhira, lina tamathali na lina lengo. Shule zetu hufundisha shairi na tamthilia, na ni haki yake. Lakini mwanafunzi wa Sumbawanga, Namanyere au Matai, akitoka darasani, hukutana na matangazo mara nyingi kuliko anavyokutana na mashairi. Asiyefundishwa kuyapima, yatampima yeye.

Tuanze na sifa tunayoiona kuwa bora kuliko zote. Mwaka 1886 Karl Benz, fundi wa Mannheim, Ujerumani, alipata hati ya kuulinda uvumbuzi wake wa gari la magurudumu matatu liendalo kwa injini. Watu walilitazama, wakastaajabu, wasilinunue. Mwezi Agosti 1888 mkewe, Bertha, alilitoa gari bila ya kumwarifu mumewe, akawapakia wanawe wawili, akaenda hadi Pforzheim, mwendo wa takribani kilomita 100. Njiani mrija wa mafuta uliziba, akauzibua kwa pini ya kofia. Mafuta yalipopungua aliyanunua kwa muuza dawa wa mji wa Wiesloch. Breki zilipolika, fundi wa viatu alizipigilia ngozi. Penye vilima wanawe walisukuma. Aliporudi nyumbani alieleza kwamba gari lilihitaji gia nyingine ya kupandia milima.

Hiyo ni sifa kwa kitendo, na ubora wake hauko katika ushujaa peke yake. Ubora wake ni kwamba sifa hiyo ilirudi na kasoro mkononi. Bibi yule aliwaonyesha watu wa njiani kwamba gari hutembea, wala hakuwaficha kwamba huziba, huishiwa na hushindwa na mlima. Msifu wa namna hiyo huaminika, kwa sababu huyo huyo ndiye mkosoaji.

Sifa ya pili ni ya jina. Mwaka 1900 Emil Jellinek, mfanyabiashara aliyekaa Nice, Ufaransa, aliiagiza kampuni ya Daimler magari 36 ya aina mpya kwa thamani ya marki 550,000, kwa sharti kwamba mtambo huo uitwe kwa jina la binti yake, Mercedes. Aina hiyo mpya, yenye nguvu za farasi 35, ilitoka katika ufundi wa Wilhelm Maybach. Na mwezi Machi 1901 ilishinda katika mashindano ya Nice mbele ya matajiri waliokuja kupunga upepo wa bahari. Hapa tunaona hatua mpya. Ushindi ulishuhudiwa kwa macho, kwa hiyo sifa haikukosa shahidi. Lakini tangu siku hiyo mnunuzi hakununua chuma na magurudumu tu, bali alinunua na jina. Washairi tunaijua nguvu hiyo: shairi dhaifu lililotiwa lakabu ya mshairi mkubwa husomwa kwa heshima.

Sifa ya tatu ni ya bei. Mwezi Oktoba 1908 Henry Ford wa Marekani alitoa gari lake la Model T kwa dola 850. Mwaka 1913 alianzisha kiwandani mwake mpango wa kuyapitisha magari mbele ya mafundi, kila mmoja akifunga kipande chake, na katikati ya miaka ya 1920 bei ilikuwa imeshuka chini ya dola 300. Hadi mwaka 1927 magari zaidi ya milioni 15 yalikuwa yametengenezwa. Sifa ya bei ina adabu yake: mnunuzi aweza kuihesabu mfukoni mwake.

Lakini tazama kilichofuata. Mwaka 1923 Edward Jordan, mwenye kiwanda cha magari huko huko Marekani, alichapisha tangazo lililomchora msichana mpanda farasi wa nchi za magharibi, na upepo, na uhuru wa nyika. Habari za injini, breki na mafuta karibu hazikutajwa. Walimu wa biashara wamelisifu tangazo hilo kuwa limefungua mlango wa matangazo ya kisasa. Sisi hatukatai ustadi wake. Picha zake ni hai na mahadhi yake ni ya mtunzi. Hata hivyo twalihukumu kuwa sifa isiyo na msifiwa. Ondoa jina la gari, tia jina la kofia au la tumbaku, na utungo hautadhurika. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kampuni yenyewe ilikufa. Tangazo lingali hai.

Sasa tugeukie nchi yetu, maana sifa za motokaa zilifika huku mapema kuliko barabara. Tarehe 10 Agosti 1907 ofisa Mjerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa gari lililoundwa Gaggenau, Ujerumani, akikusudia kulikata bara la Afrika. Njia yake ilielekea ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika, pande za Bismarckburg, ambayo leo ni Kasanga, chini ya uwanda wa Ufipa. Kisha akaingia Rhodesia ya Kaskazini, akashuka hadi kusini, na tarehe 1 Mei 1909 akafika Swakopmund katika pwani ya Atlantiki. Alisifiwa kuwa mtu wa kwanza kuvuka Afrika kwa motokaa, na baadaye akaandika kitabu.

Tufanye hesabu ambayo sifa haikuifanya. Safari ilikuwa ya takribani kilomita 9,500, na ilichukua siku 630. Ukigawanya, utapata kilomita 15 kwa siku. Mpagazi mwenye mzigo kichwani aliweza kuufikia mwendo huo, na siku nyingi kuupita. Kweli, gari lilisimama muda mrefu kwa kuharibika na kungoja vipuri, na lilipopata ardhi ngumu lilikimbia. Lakini hayo ndiyo yasiyosemwa na neno "kuvuka". Wala halisemi kwamba penye mto na tope gari lilivutwa kwa kamba na mikono ya Waafrika, na kwamba mafuta yake yalitangulizwa na wapagazi. Gari lililosifiwa kwa kumpumzisha mpagazi lilibebwa naye. Majina ya watu hao sifa haikuyatunza.

Lilikuwa gari la chuma lililopita karibu na nchi ya wafua chuma. Wafipa walijenga tanuri refu la udongo, ilungu, lililozidi kimo cha mtu, wakayeyusha mawe ya chuma kwa upepo ulioingia katika matundu ya chini. Kisha wakakisafisha chuma hicho katika tanuri dogo, kintengwe, kwa mivukuto. Kazi hiyo ilififia katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, majembe ya viwandani yalipoenea, ingawa magofu ya malungu yamebaki kuwa ushahidi. Jembe la Mfipa halikuwa na tangazo. Lilipimwa katika matuta ya shamba, na likivunjika mkulima alijua mlango wa mhunzi.

Hapo ndipo tunapopata jibu la swali letu la kwanza. Methali ya wahenga ni mtoto wa soko ambamo mnunuzi na mtengenezaji wanajuana. Katika soko hilo chema hujiuza kweli, kwa kuwa kibaya hurudishwa mlangoni kwa aliyekiunda. Motokaa ilitoka mbali, na fundi wake hakuonekana. Kwa hiyo ilibidi maneno yaje kwa niaba yake. Kutembezwa si dalili ya ubaya, bali ni dalili ya umbali. Na palipo na umbali, msikilizaji ana haki ya kudai shahidi.

Je, wasemaji wa Kiswahili walizipokea sifa hizo kimya? La hasha. Katika desturi ya ushairi wetu, anayesifu au kutamba hujibiwa. Tangazo halikuacha nafasi ya majibizano, basi watu walijibu kwa silaha waliyokuwa nayo, ambayo ni lugha. Vitu vilivyofichika chini ya boneti viliachiwa majina ya kigeni: injini, gia, plagi, klachi. Lakini mambo ya safari yenyewe yalipewa maneno ya baharini: gari lina usukani kama jahazi, msafiri ni abiria, hulipa nauli, na mzigo ni shehena inayopakiwa na kupakuliwa. Kwa njia hiyo lori lililopanda Ufipa, mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, lilipanda na msamiati wa pwani. Hata neno motokaa, kwa sikio letu, lina moto na lina kaa ndani yake.

Jibu kali zaidi lilikuja katika miaka ya 1960. Nyota ya gari la Mercedes-Benz iling'aa mbele ya ofisi za wakubwa wa nchi huru za Afrika Mashariki, na watu wakaunda kabila jipya: Wabenzi. Kiambishi kimoja tu, wa-, kiligeuza sifa kuwa shutuma. Tangazo lilisema gari hili humtukuza mwenyewe. Lugha ikajibu kwamba gari hili humtenga na wenzake. Mwaka 1967 Azimio la Arusha liliwawekea viongozi miiko, lakini wananchi walikuwa wamekwisha kuitoa hukumu yao kwa neno moja. Kwetu sisi, neno hilo ni tahakiki kamili.

Huenda msomaji akadhani tunalichukia gari. Sivyo. Kila aliyeishi Ufipa kabla ya lami anajua masika yalivyoukata uwanda, mahindi yakingoja ghalani na mgonjwa akingoja usafiri. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, yapata kilomita 220, ilipata lami katika miaka ya 2010, yaani karne moja baada ya Graetz. Gari lilisifiwa kwanza, barabara ikaja mwisho. Na faida tunayoiona leo ni ya gari lililopata barabara. Kulisifu gari pasipo barabara ni kulisifu jahazi pasipo bahari.

Kwa hiyo tunawashauri walimu wapeleke tangazo moja darasani, la gari au la simu, waliweke kando ya shairi la sifa, na wanafunzi waulize: Nani anasema? Shahidi wake ni nani? Kasoro gani imetajwa? Mikono ya nani imefichwa? Utungo ukiweza kujibu, usifiwe bila choyo. Ukishindwa, wanafunzi wautungie jibu, kwa beti au kwa nathari, na jibu lisomwe mbele ya darasa. Jina la Sumbawanga hufasiriwa kuwa ni wito wa kutupa uchawi. Maneno matamu yasiyo na shahidi nayo ni uchawi, na mahali pa kuyatupa ni darasani.