Salfaidi ya Nini Tena Pipani?

Mliolitazama pipa lile la zoezi la kunyonyoa ngozi kwa kimeng'enya kule Arua mliona wenyewe: kimeng'enya kilikuwa kimeshinda. Ngozi ya ng'ombe kutoka Koboko ilipoinuliwa, mkufunzi alipitisha kidole gumba ubavuni na manyoya yakang'oka na mizizi yake. Yalibaki shingoni na kwenye mstari wa mgongo, mahali ambapo ngozi ni nene na kazi huchelewa siku zote. Hapo ndipo alipoagiza salfaidi ya sodiamu imiminwe, eti kazi iishe siku ileile.

Ulikuwa uamuzi mbovu, na sioni wa kuutetea. Salfaidi hukata vifungo vya salfa vinavyoipa keratini, protini ya manyoya, ugumu wake, na maji yake hupanda hadi pH 12 na zaidi. Kimeng'enya kilichokuwa kikifanya kazi kwenye pH 9 hakidumu humo. Manyoya yaliyokuwa tayari kuchujwa yakiwa mazima yakayeyuka na kuwa uji, na uji huo ndio sehemu kubwa ya uchafu wa kiwanda cha ngozi. Arua inakunywa maji ya Mto Enyau! Isitoshe, maji hayo yakikutana na asidi ya hatua za mbele hutoa gesi yenye harufu ya mayai viza, nayo huua watu.

Kilichotakiwa ni saa chache zaidi, shingo ipakwe kimeng'enya kizito upande wa nyama, kisha kisu butu juu ya gogo. Najua hofu ya kuchelewa: kimeng'enya kinachokula kolajeni, protini ya ngozi yenyewe, huchubua uso wa ngozi. Dawa yake ni kukagua kila saa.

Hatua za mwanzo sizilaumu: chumvi ilioshwa vizuri, na nyama ya ndani ikapaliwa vizuri.

Mkemia Otto Röhm hangeharakisha hivyo. Mwaka 1907 huko Ujerumani alileta vimeng'enya vya kongosho kulainishia ngozi, kazi ambayo wadabaghaji walikuwa wakiifanya kwa kinyesi cha mbwa; baadaye akageukia kunyonyoa manyoya. Naye mtafiti Jason Shih wa North Carolina, aliyepata Bacillus licheniformis anayekula manyoya ya kuku, alionyesha kuwa keratini inaweza kumeng'enywa kwenye pipa lake yenyewe. Legeza mizizi kwanza, chuja manyoya, ndipo uyameng'enye pembeni yawe mbolea. Yana nitrojeni ya takriban asilimia 15.

Na nitalisema tena hata kama mmechoka kulisikia: vimeng'enya vya bakteria wa maziwa ya magadi ya Kenya vilitajirisha kampuni za ng'ambo, mpaka Shirika la Wanyamapori la Kenya likadai haki ya kugawiwa faida mwaka 2004. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi wamekwisha kunyonyoa ngozi kwa kimeng'enya cha bakteria wa Ziwa Bogoria. Elimu iko jirani, na joto la Arua linatosha bila kuchemsha maji.

Atakayelirudia zoezi hili Koboko aanze alfajiri, na salfaidi aiache stoo.