Zakayo Akishashuka Mtini: Ushuhuda wa Kariakoo na Tatizo la Kusimulia Uaminifu

Katika mijadala yetu ya fasihi simulizi tumezoea kutaja ngano, vitendawili, majigambo na nyimbo za jando, halafu tunafunga daftari. Ushuhuda hatuutaji. Na kumbe ni utanzu ambao watu wa mji huu wanausikia kila wiki. Una fanani wake, una hadhira inayoitikia, na una mwanzo wake maalum kama ilivyo "Paukwa, Pakawa". Fanani anasema "Bwana Yesu asifiwe", hadhira inajibu "Amen", na hapo hapo kila mtu anajua ni hadithi ya namna gani inakuja. Nadhani tunaukwepa kwa kuogopa kwamba kuhakiki ushuhuda ni kuhakiki imani ya mtu. Mimi sioni hivyo. Hapa nahakiki fani, na swali langu ni moja tu: je, ushuhuda unaweza kusimulia uaminifu, au unaweza kusimulia kuokoka peke yake?

Nimeusikilizia Kariakoo, katika ibada za mchana zinazofanyika vyumba vya kukodi juu ya maduka. Wanaohudhuria ni wafanyabiashara walioacha meza zao kwa saa moja, na macho ya wengine yako kwenye simu muda wote. Mfano wa kwanza ni wa mama mmoja aliyekuwa akiuza maharage shimoni, yaani chini ya lile jengo la soko alilolisanifu Beda Amuli, kabla halijaungua Julai 10, 2021. Alisimulia jinsi alivyokuwa na makopo mawili, moja zima la kununulia na moja lililobonyezwa kitako la kuuzia. Alilionyesha lile kopo kwa mikono mitupu, na jamani, tuliliona! Tuliona kidole gumba kikiingia ndani wakati wa kupima. Watu walicheka, kwa sababu kila mmoja pale ameshauziwa na kopo hilo. Kisha ikaja siku ya mahubiri, machozi, kopo likatupwa mtaroni. Akamaliza: "Na tangu siku hiyo namtumikia Bwana." Makofi, vigelegele.

Kama usanii, mama yule ni fanani hodari kuliko wengi tunaowanukuu darasani. Lakini hebu tutazame mgawanyo wa hadithi yake. Giza lilichukua dakika kumi. Mlango, dakika tatu. Nuru ilichukua sentensi moja, na sentensi hiyo, kwa hesabu yake mwenyewe, imebeba miaka kumi na moja. Miaka kumi na moja ya kuuza maharage kwa kopo zima, pembeni ya wenzake wenye makopo yaliyobonyezwa, bei ikiwa ile ile! Alilipaje kodi ya meza? Alishindanaje? Mteja alijuaje kwamba kopo lake ni zima? Humo ndimo ilimo hadithi, nayo haikusimuliwa.

Mtu asidhani hili ni kosa la mama yule. Muundo wenyewe ni wa kale. Zakayo katika Luka 19 anapanda mkuyu, anaitwa, anashuka, anaahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu, na hadithi inakatika. Hatumwoni Jumatatu. Hatujui kama alirudi kwenye meza ya kodi, wala hizo mara nne alizitoa wapi. Jirani zetu wa Kenya wamelifanyia jina hili kazi ya kuchekesha: vijana wamempachika Rais William Ruto jina la Zakayo kwa sababu ya kodi, na katika maandamano ya mwaka 2024 wakamtaka ashuke. Kwao Zakayo bado yuko juu ya mti. Kwa washuhudiaji wa Kariakoo ameshashuka. Huyo anayetembea chini kila siku hana mtunzi.

Riwaya yetu nayo haijasaidia sana. Euphrase Kezilahabi, aliyesoma seminari kabla ya kuja Chuo Kikuu, aliijua familia ya Kikristo kwa ndani, na *Rosa Mistika* (1971) imebeba jina la Bikira Maria kutoka katika litania. Lakini Rosa anafanya nini? Anachapwa na baba kwa ajili ya barua ya mvulana, analelewa kwa hofu, anafika mahali ambapo baba hayupo, anaanguka, na mwisho anajiua. Kazimoto wa *Kichwamaji* (1974) naye anajiua. Siubezi ukweli wa Kezilahabi. Anaonyesha barabara kwamba wema uliojengwa juu ya fimbo haudumu fimbo ikiondoka, na waliokipiga marufuku kitabu hicho mashuleni kwa muda hawakuiona hoja hiyo, waliona mapenzi tu. Ninachosema ni kwamba kati ya ushuhuda unaoishia mlangoni na riwaya inayoishia kaburini, mtu anayechagua vema leo, akayumba kesho, akachagua tena keshokutwa, hana mahali pa kukaa. Wahakiki wenyewe tunapenda mgogoro na kilele. Uaminifu hauna kilele, bwana. Unajirudia.

Sasa nitoe mfano wa pili, ambao haukupigiwa makofi. Kijana muuza vifaa vya simu kutoka Mtaa wa Aggrey alisimama akasema, na hapa nanukuu karibu wote: "Bwana asifiwe. Juzi mteja alitaka bei ya bila risiti. Nikamwambia kaka, mimi nakata risiti. Akaenda kwa jirani. Jana akaja mwingine, nikampa bila risiti. Leo asubuhi nimekata zote. Kesho sijui. Mniombee." Akakaa. Kiongozi alikohoa kidogo, akauliza kama kuna mwenye ushuhuda wenye nguvu.

Anayeijua Kariakoo anajua uzito wa maneno hayo. "Na risiti au bila?" ni swali la kila duka, na VAT ya asilimia 18 ndiyo inayopanga jibu. Wenzangu wa mrengo wa uhalisia wa kijamaa wataniambia tatizo ni mfumo wala si dhamiri ya mchuuzi, na wana hoja: wafanyabiashara walifunga maduka Mei 2023 na tena Juni 2024 wakilalamikia ukusanyaji wa kodi. Sawa. Ila mteja akishasimama mbele ya kaunta, mfumo haumjibu. Anajibu kijana.

Ushuhuda wa namna hii una jadi yake. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Bukoba na Kenya, uliwataka ndugu waungame mambo ya sasa mbele ya wenzao, wasiishie kwenye siku ya kuokoka. Nchini Kenya, wakati wa Mau Mau, wengi wao walikataa kiapo, na wengine wakakataa pia bunduki za serikali. Waliouawa wanakumbukwa. Walioponea, wakarudi kupalilia mahindi pamoja na majirani wa pande zote mbili, hao hawana kitabu ninachokijua.

Lakini fani inayowafaa tunayo tayari, na haikutoka kanisani. Ni utenzi. Tazama umbo lake: vipande vitatu vya kwanza vya kila ubeti hubadili kina apendavyo mtunzi, cha nne hurudi kwenye kina kile kile toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, hata beti zifike elfu. Hakuna ubeti mmoja unaomaliza kazi hiyo; kila mmoja unapaswa kukitafuta kina upya, kwa maneno mapya, na mizani isipungue. (Kwamba neno mizani ni la mshairi na la sokoni pia, hilo Waswahili wametupa bure.) Mathias Mnyampala, Mkristo wa Ugogo, aliiona nafasi hii alipoziingiza Injili na Zaburi katika bahari iliyolelewa na Waislamu wa pwani. Tunamsoma kwa ajili ya ngonjera na siasa. Tenzi zake za dini tunaziruka kama kazi ya ibada tu.

Najua pingamizi: utenzi unachosha. Ni kweli, mara nyingine unachosha. Hata muuza simu alichosha, ndiyo maana kiongozi akakohoa. Lakini alichosema kina umbo: juzi, jana, leo, siku tatu zisizolingana, kisha "mniombee". Nilimsikia tena wiki tatu baadaye. Siku zilikuwa nyingine, wateja wengine, mara moja alikuwa ameshinda na mara mbili hapana. Neno la mwisho lilikuwa lile lile.